Mwenye Kuhesabu Mitungi

Yako maneno mawili yasemwayo mara nyingi barazani katika Mji wa Kale wa Mombasa, na yote mawili hukubaliwa bila ya kupimwa. La kwanza ni kwamba habari za dunia kupata joto na bahari kupanda ni wasiwasi wa wanawake, na wa watu waliosoma wakakosa kazi. La pili ni kwamba madai ya haki za wanawake ni mambo ya nyumbani, yasiyohusiana hata kidogo na jua, mvua wala bahari. Msomaji, mimi nayakataa yote mawili, na nataka kukuonyesha ya kuwa ni neno moja lililovaa kanzu mbili. Adharauye habari ya bahari aghalabu huidharau kwa sababu ya kumdharau aisemaye. Na maadamu aisemaye hana kiti mahali panapokatwa mashauri, dharau hiyo haimgharimu mwenyewe chochote. Unaogharimika ni mji.

Tuanze na yasiyotaka ubishi. Makaa ya mawe, mafuta na gesi vichomwapo hutoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo hulizuia joto lisitoke duniani, mfano wa blanketi juu ya mtu alalaye. Kwa kipimo cha wataalamu, dunia katika miaka ya 2011 hadi 2020 ilikuwa na joto lililozidi lile la nusu ya pili ya karne ya 19 kwa digrii 1.1 hivi. Maji yapatapo joto hutanuka, na barafu za nchi za baridi huyeyuka. Kwa sababu hizo mbili bahari ya dunia ilipanda kiasi cha sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018. Sentimita 20 ni urefu wa penseli mpya, na kijana aweza kucheka akiambiwa kwamba penseli ni hatari. Walakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulikadiria ya kuwa bahari ikipanda sentimita 30, asilimia 17 ya eneo la Mombasa, yaani kama hekta 4,600, yaweza kufunikwa na maji. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na ambayo mwaka 2011 iliandikwa katika urithi wa dunia, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe ulioliwa na mawimbi kwa chini, hata ikalazimu ujengwe ukuta wa kuukinga. Ukuta ule haukujengwa na mwanamke mwenye wasiwasi. Ulijengwa na serikali, kwa fedha nyingi, kwa sababu mwamba ulikuwa ukiliwa. Tena lililo chungu ni kwamba Kenya nzima haitoi hata sehemu moja katika mia ya hewa chafu ya dunia. Deni si letu, lakini mlango unaobishwa ni wetu.

Sasa tuingie nyumbani, maana huko ndiko hoja yangu iliko.

Wazee waliojenga Mji wa Kale walikuwa wataalamu wa joto ingawa hawakuwa na kipimajoto. Kuta zao zilikuwa nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari zao zilishikwa na boriti za mikoko. Vichochoro vilikuwa vyembamba ili nyumba moja ipe nyingine kivuli, na madirisha yakaupokea upepo wa kusi. Siku hizi nyumba nyingi za namna hiyo zimeanguka au zimeongezwa ghorofa za saruji na mapaa ya mabati, na zege lililopigwa na jua mchana kutwa hutoa joto lake usiku. Mwezi wa Machi, kabla ya mvua za masika, chumba cha namna hiyo hakilaliki. Bwana wa nyumba hufanya lililo la busara: hutoka akaenda barazani, au pwani kupunga upepo, akarudi saa sita za usiku. Simlaumu kwa kutoka. Ningemlaumu zaidi mtu awezaye kutoka akakaa ndani kwa ubishi. Lakini ndani yupo mtu aliyebaki. Yupo mbele ya jiko akikaanga viazi vya karai vya kuuza, au akimpepea mtoto aliyejaa vipele vya joto, na alfajiri ataamka kukanda unga wa mahamri. Ukitaka kujua kama joto la mji limezidi, waweza kumwuliza mtu aliye katika upepo wa pwani, au waweza kumwuliza huyu. Mimi najua ni nani ningemwuliza.

Joto ni dogo likilinganishwa na maji. Mji wa Kale hauna mto. Maji yake matamu hutoka mbali: Marere katika vilima vya Shimba, Tiwi, Baricho kwenye mto wa Sabaki, na chemchemi za Mzima katika nchi ya Tsavo, ambazo bomba lake lina urefu wa zaidi ya kilomita 200. Kwa miaka mingi maji yaletwayo yamekuwa machache kuliko yatakiwayo. Mfereji hutoa maji kwa zamu, kisha ukakauka siku kadhaa, na watu hununua kwa mitungi kutoka katika mikokoteni. Visima vya zamani vipo, vya nyumba na vya misikiti, lakini vingi maji yake yana chumvi. Hufaa kufua na kuosha sakafu, hayafai kwa chai. Kisima kilicho karibu na bahari huingia chumvi kwa kutekwa kupita kiasi, na huingia chumvi kwa bahari kupanda, na Mombasa ina sababu zote mbili. Tena ukame ukishika bara, kama ulivyoshika kati ya mwaka 2020 na 2023 mvua za misimu mitano zilipokosekana mfululizo katika sehemu nyingi za Kenya, shida ya maji ya mjini hukazana.

Basi nani ajuaye habari hizi kwa hesabu? Bwana wa nyumba hujua ya kuwa maji yamekuwa ghali. Bibi wa nyumba hujua ni mitungi mingapi, siku gani, kwa bei gani, na nani hakuoga. Hujua kwamba mtungi wa kwanza ni wa kupikia, kwamba babu hakosi maji ya udhu, kwamba nguo za shule zaweza kungoja hadi Ijumaa lakini nepi za mtoto haziwezi. Hujua mwaka gani kisima cha jirani kilianza kuwa na chumvi, kwa sababu sabuni ilikataa kutoa povu. Hesabu ya namna hii, lau ingeandikwa daftarini, mhandisi wa maji angeitafuta kwa taa. Haiandikwi. Hubaki katika kichwa cha mtu ambaye, ukiitishwa mkutano wa mtaa juu ya maji, hutumwa kupika chai ya mkutano.

Huenda ukaniuliza kama ni kweli basi kwamba wanawake hulijali jambo hili kuliko wanaume. Katika nchi zilizopima, ndiyo, kwa kiasi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 juu ya watu wa Marekani ulionyesha kwamba wanawake walikuwa na hofu zaidi kidogo juu ya mabadiliko ya tabia ya nchi, na tena waliijua elimu yake vizuri zaidi kidogo kuliko wanaume. Lakini walipoulizwa wanajiona wanajua kiasi gani, wanawake ndio waliojipunguza. Litazame jambo hili vizuri, msomaji, kwa maana limo katika kila darasa: ajuaye amenyamaza, na asiyejua amenyanyua mkono. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2016, uliona ya kuwa watu, wanaume kwa wanawake, humdhania mtu atumiaye vitu visivyoharibu mazingira kuwa na tabia ya kike, na kwamba baadhi ya wanaume huviepuka vitu hivyo kwa kuuchelea uanaume wao. Mtu mzima, mwenye ndevu na elimu, anashindwa na mfuko wa kitambaa!

Hapa Mombasa kisa hiki chachekesha zaidi. Katika desturi ya Waswahili wa mji huu, aliyekwenda sokoni alikuwa mwanamume. Bwana alitoka asubuhi, kanzu imenyooka na kofia kichwani, akaenda Marikiti na kikapu chake, akarudi nacho kimejaa nazi, mchicha na samaki, akapita Ndia Kuu akiamkiana na watu. Hapana aliyemwona amepungukiwa. Aibu ya kubeba kikapu ilikuja na mfuko wa plastiki. Na mfuko ulipopigwa marufuku katika Kenya tarehe 28 Agosti 2017, mfuko ulikwenda, aibu ikabaki. Kijana wa leo aonaye haya kubeba kikapu hafuati desturi ya babu yake. Anafuata desturi ya takataka.

Liko kosa jingine, na hili ni la marafiki. Mwaka 1974 mwandishi wa Ufaransa, Françoise d'Eaubonne, alitoa jina la kuunganisha utetezi wa wanawake na utetezi wa mazingira, kwa kuwa aliona mamlaka yale yale yanayowakalia wanawake ndiyo yanayoiharibu ardhi. Hoja yake ina nguvu. Lakini wako waliokuja baadaye wakaigeuza ikawa sifa tupu: mwanamke ni ndugu wa ardhi, mwanamke ni mama wa miti, mwanamke kwa maumbile yake ni mlinzi wa dunia. Sifa hizi siziamini, na napenda nawe uziogope. Mvuvi ashukaye Bandari ya Kale na ngalawa yake hujua mengi juu ya bahari ambayo mkewe hayajui: hujua samaki gani wamehama, matumbawe gani yamekufa na kuwa meupe, na upepo wa kaskazi ulichelewa siku ngapi. Hakuyapata katika maumbile yake, aliyapata kazini. Elimu hukaa palipo na kazi. Kwa hiyo sikuambii ya kuwa wanawake ni wema kuliko wanaume. Nakuambia ya kuwa wamepewa kazi fulani, na katika kazi hiyo wameona mambo ambayo wakata shauri hawakuyaona. Sifa ya "mama wa miti" huwafaa wanaotaka miche ipandwe bure. Pwani ikifagiliwa, wafagiaji huwa ni wanawake; fedha za mradi zikifika, mwenye kalamu ya kutia sahihi huwa ni mtu mwingine.

Si lazima mambo yawe hivyo. Gazi, kijiji cha Kwale kusini mwa Mombasa, watu wake tangu mwaka 2013 wameuza katika nchi za nje hesabu ya hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao, kama hekta 117, katika mradi uitwao Mikoko Pamoja. Na fedha zake zimetumika kuleta maji na kusaidia shule. Wanawake wa kijiji kile wana chama chao na daraja la mbao lipitalo katikati ya mikoko, na wageni hulipa ili walipite. Mti ule ule wa boriti, uliokuwa biashara ya wakataji na manahodha, umekuwa mali ukiwa umesimama.

Tuvuke maji tufike Unguja, kwa kuwa huko jambo hili limeonekana wazi kuliko kwetu. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989. Wanaume wengi waliidharau kazi ile. Haikuwa uvuvi, na faida yake ilikuwa ndogo. Wanawake waliichukua, na mpaka leo wao ndio kama wanane katika kila wakulima kumi. Wapo waume walioona vibaya wake zao kutoka nyumbani kwenda pwani, lakini fedha zilipoingia, zikanunua madaftari ya shule na mabati ya paa, manung'uniko yalipungua. Kisha maji ya bahari yakapata joto. Mwani wa bei kubwa, uitwao kotonii, ukaanza kuoza na kufa katika maji mafupi, na ukabaki ule wa bei ndogo. Mtaalamu wa bahari Dakta Flower Msuya na wenzake wakafundisha namna za kupanda katika maji yenye kina, ambako joto ni pungufu.

Hapa ndipo mkasa ulipo. Ili kupanda katika maji yenye kina, huna budi uwe na chombo, na ujue kuogelea. Katika pwani yetu chombo ni mali ya mwanamume, na msichana hafundishwi kuogelea. Mkulima aliijua dawa ya maradhi yake, akaiona kwa macho, mita mia chache kutoka alipokuwa amesimama, asiweze kuifikia. Niambie, msomaji, lile ni jambo la tabia ya nchi au ni jambo la haki za wanawake? Ukiweza kulitenga moja na jingine pale, kisu chako ni kikali kuliko changu.

Wako watakaosema: watu huikataa hoja, hawamkatai mwanamke. Nawaomba wasome habari za Wangari Maathai. Huyu alipata shahada ya udaktari mwaka 1971, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na ya Kati. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, chama ambacho kwa mikono ya wanawake wa vijijini kilipanda miti zaidi ya milioni 30. Mwaka 1989 alipinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi. Sasa tazama alivyojibiwa. Hakujibiwa ya kuwa bustani haina faida, wala kwamba mji unahitaji jumba kuliko kivuli. Bungeni chama chake kilidhihakiwa kuwa ni kundi la wanawake walioachwa na waume zao, na Rais wa wakati ule akasema hadharani kwamba mwanamke wa Kiafrika hana budi kuwaheshimu wanaume. Talaka yake, ambayo haikuhusiana na mti wala jani, ikawa ndiyo jibu la hoja yake. Jumba halikujengwa. Bustani ipo, na watu wa Nairobi hupumzika ndani yake, wakiwamo bila shaka waliomcheka. Na mwaka 2004 yeye alipewa tuzo ya Nobeli ya amani.

Na kama Nairobi ni mbali, vuka daraja tu kutoka kisiwani. Katika kijiji cha Owino Uhuru, upande wa bara wa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia risasi katika hewa, maji na damu za watu. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda hicho, aliujua msiba huo kwa njia ya mama: mtoto wake mchanga aliugua, na ilipopimwa damu yake ikakutwa na sumu. Alitishwa, akakamatwa, akaendelea. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya amri hiyo kutenguliwa katika rufani, Mahakama ya Juu iliirudisha mwezi wa Desemba 2024. Najua risasi si hewa ya ukaa, na sitaki kuchanganya mambo. Nimemtaja kwa sababu ya utaratibu wa kujua: habari ilianzia kitandani kwa mtoto, ikachukua miaka mingi kufika mezani kwa wakubwa, na katika miaka hiyo watu waliendelea kuvuta hewa ile.

Nimefika katika hoja ambayo katika Mji wa Kale hutolewa mwisho, kwa kuwa hudhaniwa haina jibu: haya ni mambo ya Wazungu, na dini na mila haviyataki. Ningeiheshimu hoja hii lau wenye kuitoa wangekuwa wamezisoma dini na mila hizo. Mahujaji wa Makka kwa zaidi ya miaka elfu walikunywa maji ya Ain Zubeida, njia ya maji iliyojengwa kwa mali ya Zubeida, mke wa Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 831. Alitazama watu wenye kiu, akaita wahandisi, akalipa. Hapana mwanachuoni aliyemwambia kwamba maji si shauri la mwanamke.

Mila nayo haiko upande wao. Mji huu wenyewe, katika masimulizi ya wazee, kabla ya Shehe Mvita ulikuwa na malkia, Mwana Mkisi, na wako wenyeji ambao hadi leo huhesabu asili ya mji kuanzia kwake. Katika karne ya 20 wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vyenye viongozi, vyeo na michango, vilivyoshindana kwa ngoma na karamu. Mtu aweza kusema ilikuwa ni ngoma tu. Lakini aliyewahi kutayarisha karamu ya watu mia tatu anajua kwamba mwenye kuiweza hiyo aweza na ratiba ya maji ya mtaa. Na katika miaka ya 1950, wanawake wa Kiarabu waliponyimwa kura ambayo wanaume wao walikuwa wamepewa, wanawake wa mji huu huu, wengi wao wa buibui, waliandika ombi wakaidai. Hawakungoja mgeni awafundishe kudai.

"Lakini wanawake wenyewe hawaji mikutanoni." Hilo nimelisikia, na ni kweli mara nyingi. Swali ni kwa nini. Mkutano ukiitwa saa kumi na mbili ya jioni, wakati chakula kiko motoni na watoto wanarudi madrasa, mahali penyewe pakiwa ni baraza ambayo mwanamke wa heshima huipita kwa haraka, basi aliyeitisha mkutano amekwisha chagua nani aje. Kuna watu waliolipa kosa la namna hiyo kwa roho zao. Kimbunga kilichoipiga Bangladesh mwezi wa Aprili 1991 kiliua watu wapatao 140,000, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba ilani ilitangazwa mahali pa wanaume isifike nyumbani, kwamba wanawake walingoja waume zao ndipo watoke, na kwamba nyumba za kukimbilia hazikuwa na sitara kwao. Upepo haukuchagua mtu. Mpango wa kujiokoa ulichagua, nao ulikuwa umetungwa na upande mmoja.

Sheria yetu hailali katika jambo hili. Wanaolala ni watekelezaji. Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mtu haki ya mazingira safi, na yasema ya kuwa katika vyombo vya kuchaguliwa wasizidi theluthi mbili watu wa jinsia moja. Bunge lilishindwa kulitimiza sharti hilo, hata Jaji Mkuu David Maraga mwezi wa Septemba 2020 akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya mwaka 2016, iliyorekebishwa mwaka 2023, nayo ipo. Karatasi hatukosi.

Wewe ni kijana, na huenda hutapata kiti bungeni wiki ijayo. Lakini mtaani kwenu, iwe ni Kibokoni, Kuze au Mkanyageni, siku moja utaitwa mkutano juu ya mtaro uliojaa taka, ambao mvua kubwa ikinyesha wakati maji ya bahari yamejaa huyarudisha maji nyumbani. Kabla ya kwenda, mwulize mama yako, au nyanya yako, maji yaliingia mara ngapi mwaka huu, yakafika wapi katika ngazi, na yalikaa siku ngapi. Andika majibu yake kwa tarehe. Kisha mwulize kama aliambiwa habari ya mkutano. Na ikiwa hakuambiwa, mwambie wewe, umpokee mtoto au uangalie chungu motoni, na yeye aende akayaseme mwenyewe.